Dazani ya Nne

Tope lililobaki kwenye kopo lilikuwa la kidole kimoja tu, nalo lilikuwa limekauka na kupasukapasuka kama sakafu ya bwawa wakati wa kiangazi. Wendell Haack alilimwagia maji ya bomba, akalikoroga kwa kijiti cha aiskrimu, akainama kulitazama. Halikuwa tope tena. Yalikuwa maji yenye rangi ya chai.

"Uliwaandikia ofisi ya ligi lini?" aliuliza Ruben Sepulveda, mwamuzi mwenzake, kijana wa miaka ishirini na sita ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia vituo huku Wendell akisimama nyuma ya kibao cha mpigaji, kile cheupe kilicholazwa ardhini.

"Barua ya kwanza mwezi wa tano. Ya pili mwezi wa sita."

"Na sasa ni mwezi wa nane."

"Kalenda ninayo, bwana. Wewe sugua."

Walikuwa wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, ndani ya kile chumba kidogo cha waamuzi chini ya ngazi za mashabiki kwenye uwanja wa mji wa Pruett, chumba chenye misumari miwili ya kutundikia nguo na harufu ya bisi inayoshuka kutoka juu. Katikati yao palikuwa na sanduku la mipira mipya, dazani nne. Mpira wa besiboli ukitoka kiwandani huwa unang'aa, tena una utelezi kama yai lililomenywa, na mrushaji hawezi kuushika barabara. Kwa hiyo kabla ya kila mchezo waamuzi huchota tope kidogo, laini kama malai, linalotoka kwenye mto mmoja huko mashariki, wakatema mate kiganjani na kuusugua kila mpira mpaka mng'ao utoke na weupe ubaki. Wendell alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili katika ligi hizi ndogo. Aliifanya kama mtu anayekanda unga: kwanza dole gumba kwenye mishono, kisha tumbo la mpira, kisha anaugeuza na kuanza upya upande wa pili. Waamuzi wageni waliletwa kwake wajifunze.

Lakini Jumapili hiyo mkanda wa injini ya gari lao ulikatika njiani, karibu na maghala ya mahindi, wakakaa saa mbili wakingoja mkulima mwenye trekta. Walifika zimebaki dakika arobaini. Dazani ya kwanza waliisugua vizuri. Ya pili vizuri. Ya tatu, tuseme inapita. Kwa ya nne Wendell alichovya kitambaa kwenye yale maji ya chai, akaupangusa kila mpira mara moja kama mtu anayepangusa vumbi mezani wageni wakiwa tayari mlangoni, akaipanga chini kabisa ya sanduku.

"Hatutafika huko," alisema. "Mwaka huu tumefika dazani ya nne mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Basi."

Akafungua kijaluba alichofungiwa na mkewe Arlene, akala nusu ya mkate wenye mayai yaliyopondwa, nusu nyingine akampa Ruben. Wakavaa mashati yao ya bluu na kutoka juani.

Mameneja wawili walikuwa wanawangoja penye kibao na karatasi zao za majina. Burl Stavig wa Pruett alikuwa mrefu, shingo imeungua kwa jua. Vern Oakes wa Calder alikuwa mfupi, mwenye tumbo na mdomo usiopumzika.

"Bluu," alisema Oakes, maana wachezaji na mameneja humwita mwamuzi yeyote kwa rangi ya shati lake, "umenenepa. Arlene anakulisha nini?"

"Anacholishwa mbwa wako, ila mimi nasema asante."

Walicheka, lakini Stavig hakucheka. Alimvuta Wendell pembeni kidogo. "Mrushaji wangu leo ni Lonnie Babcock. Unamkumbuka?"

"Yule mwenye mkono wa risasi, asiyejua risasi inakwenda wapi."

"Sasa anajua. Amejifunza. Ila wakubwa wa klabu wamechoka kungoja. Unamwona yule mwenye kofia ya majani, safu ya tatu? Amekuja kwa ajili yake tu. Akimaliza awamu saba leo, anabaki na sisi. Asipomaliza, kesho anapewa tiketi ya basi la kwenda kwao Oklahoma. Sikuombi upendeleo."

"Usiuombe."

"Nakwambia tu."

Wendell alimtazama kijana aliyekuwa kwenye kituta cha mrushaji, katikati ya uwanja, akipasha mkono moto. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, masikio makubwa, na tabia ya kulamba midomo kabla ya kila mpira. Baba yake alikuwa na duka la chakula cha mifugo, na kama hakuna besiboli, magunia yalikuwa yanamsubiri.

Na kweli, Lonnie alikuwa amejifunza. Awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mipira ilikuwa inakwenda pale Pete Janowicz, mdakaji wake, anapoweka glavu. Awamu ya nne mpira uliochepuka kwenye gongo ulimpiga Pete kooni. Wendell alitoa brashi yake, akazunguka mbele, akainama na kukisafisha kibao ambacho hakikuwa na hata chembe ya vumbi. Alikisafisha polepole, kona moja baada ya nyingine, mpaka aliposikia pumzi ya Pete imerudi.

"Asante, Bluu."

"Kibao kilikuwa kichafu."

Mambo yaliharibika awamu ya tano. Mchezaji mmoja wa Pruett, Tolliver, alikuwa ameupiga mpira ukaruka ukuta hapo awali, naye badala ya kukimbia akasimama kuutazama ukipaa, mkono kiunoni, kama mtu anayeangalia ndege ya shangazi yake ikiondoka. Mrushaji wa Calder aliitwa Keough, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, fundi wa kazi yake, na kitendo cha namna ile hakuwa anakisahau. Tolliver aliporudi kupiga, mpira wa kwanza kabisa, tena wenye kasi kuliko yote aliyorusha siku ile, ulimpata kwenye tako. Kabla haujaacha kubingirika Keough alishageuka, anajipaka unga mkavu mkononi.

Wendell alijua. Mtu anayekosea hutazama alipokosea. Kanuni ilimruhusu amfukuze Keough hapohapo. Lakini lilikuwa tako, nalo halijawahi kuua mtu, na Wendell alikuwa na njia yake aliyoizoea: alivua barakoa, akanyoosha kidole kwenye benchi la Calder, kisha kwenye benchi la Pruett.

"Imetosha! Pande zote mbili! Atakayefuata anakwenda kuoga."

Stavig alitoka mbio. "Wao wamekula wameshiba, halafu sisi ndio tunaambiwa tunawe mikono?"

"Ndivyo ilivyo, Burl."

"Ungemtoa yeye basi!"

"Nimeonya. Rudi kakae."

Stavig alirudi, akipiga teke ndoo ya maji. Kwenye benchi la Calder walikuwa wanacheka chini chini. Keough alimpungia Tolliver kofia.

Kuanzia hapo kila mtu uwanjani alikuwa anangoja. Onyo likishatolewa, mrushaji wa timu iliyopigwa hutazamwa kama mtu aliyekaribia duka na nyundo. Lonnie alilijua hilo, akaacha kabisa kurusha karibu na mwili wa mpigaji. Alirusha nje, nje tu, nao Calder wakamzoea, wakawa wanaichepusha mipira yake kulia na kushoto. Mingine ilianguka nyuma ya jukwaa, mingine juu ya paa za magari, na mashabiki wakaondoka nayo. Awamu ya sita ikaisha. Katikati ya ya saba, Wendell alikwenda kwenye sanduku kujaza mfuko wake wa kiunoni, akaingiza mkono, na vidole vikamwambia kabla ya macho. Alikuwa amefika chini.

Alisimama hapo, ameshika ile mipira kama mtu aliyeshika samaki. Ingemchukua dakika tano tu. Angewaita mameneja wote wawili, aseme mipira hii haikusuguliwa sawasawa, akachota udongo pale pale kwenye kituta na kuisugua mbele za watu. Aliliwaza hilo. Aliwaza pia uso wa Vern Oakes, na maneno ambayo Oakes angeyabeba mji hadi mji: Haack, mwalimu wa kusugua, kaleta mipira mibichi. Akaijaza mfukoni, akarudi nyuma ya kibao.

Calder walikuwa na mtu mmoja kwenye kituo cha pili, wawili wao wameshatolewa. Lonnie alibakiza mtu mmoja tu amalize awamu ya saba. Mtu huyo alikuwa Mack Dufresne, mpigaji wao bora. Kituo cha kwanza kilikuwa wazi, na mpigaji akigongwa na mpira hupewa kituo hicho tu, maana yake kumpiga Dufresne kusingewagharimu Pruett chochote. Hata aliyekuja kula bisi tu alikuwa analiona hilo.

Dufresne aliuchepusha mpira wa kwanza ukapotea nyuma ya jukwaa. Wendell akatupa mwingine. Lonnie aliupokea, akauviringisha viganjani, akaurudisha. "Bluu, nibadilishie huu."

Wendell akampa wa pili. Lonnie akaurudisha. Akampa wa tatu, naye kijana akasogea hatua mbili kutoka kwenye kituta, ameushika juu. "Mzee, huu nao ni sabuni."

"Huyo anachagua nyanya sokoni?" Oakes alipiga kelele. "Mwambie anunue aondoke!"

Benchi zima la Calder likaangua kicheko. Pete Janowicz aligeuka, akamtazama Wendell kupitia vyuma vya barakoa, akangoja.

"Yote ni sawasawa, kijana," alisema Wendell. "Rusha."

Lonnie alilamba midomo. Pete aliweka glavu nje, mbali na mpigaji, mbali kabisa. Wendell aliiona, aliinama nyuma yake na kuiona glavu ilipo kama anavyoviona vidole vyake. Kijana akainua mguu, mkono ukaja, na mpira ukaponyoka kabla ya wakati. Hata mlio wa vidole haukusikika. Ukaja juu, ndani, na ukampiga Dufresne kwenye kofia ngumu, juu kidogo ya sikio.

Dufresne alianguka kwa magoti. Mashine ya bisi ilisikika uwanja mzima.

Kisha watu wa Calder wakatoka benchini kama nyuki, nao wa Pruett wakatoka kuwapokea, Ruben akakimbilia katikati amenyoosha mikono. Wendell alipiga goti kando ya Dufresne.

"Unaniona?"

"Nakuona, Bluu. Bado mbaya vilevile." Dufresne alishika kichwa, akapepesa macho. "Niko sawa. Uliteleza ule. Niliuona unavyozunguka, haukuwa na mzunguko wa mtu anayetaka kitu."

Mpira ulikuwa umebingirika hadi kwenye uzio. Wendell alikwenda kuuokota. Upande mmoja ulikuwa na doa la kahawia hafifu; upande mwingine ulikuwa mweupe na uling'aa juani kama jino. Akautia mfukoni, mfuko wa suruali, siyo ule wa mipira.

"Ulionya!" Oakes alikuwa amefika, uso mwekundu, anamnyooshea kidole kifuani. "Ulionya mwenyewe kwa mdomo wako! Kanipiga mtu wangu kichwani! Kichwani, Bluu! Fanya kazi yako au nitawaacha vijana wangu waifanye!"

"Glavu ilikuwa nje," Pete alisema taratibu, amesimama karibu na bega la Wendell. "Niliuomba nje, Mzee. Uliona." Halafu akashusha sauti zaidi. "Nikitembea mpaka kwenye kituta, utapata dakika moja ya kufikiri. Sema tu."

Lonnie alikuwa hajasogea. Alikuwa ameufungua mkono wake wa kulia mbele ya uso wake, anavitazama vidole. Alikuwa anatazama alipokosea.

Wendell alikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa za kweli. Onyo lilikuwa limetolewa. Asipomtoa kijana, Keough angempiga mtu wa Pruett zamu yao ya kupiga ikifika, na safari hiyo lisingekuwa tako. Watu thelathini walikuwa wameshikana mashati kwenye nyasi. Lakini chini ya sababu zote kulikuwa na moja iliyokuwa inaning'inia mfukoni mwake na kugonga paja. Kama siyo kusudi, watu wangeuliza ni nini.

"Huna haja," alimwambia Pete.

Akainua mkono na kumwonyesha Lonnie Babcock njia ya kutoka.

Kijana hakubisha. Aliweka glavu chini ya kwapa, akatembea hadi kwenye benchi, kichwa wima, kama mtu aliyeitwa na daktari baada ya kungoja sana. Stavig alibisha kwa niaba yake mpaka mate yakamkauka, naye akafukuzwa pia. Wendell alipogeuka kuweka barakoa, aliangalia safu ya tatu. Kofia ya majani ilikuwa inashuka ngazi.

Mchezo ulipoisha jua lilikuwa bado juu. Wendell hakuvua hata vilinda magoti; alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha Stavig, akagonga. Stavig alikuwa amekaa juu ya meza. Lonnie alikuwa kwenye kiti, amevaa nguo zake za nyumbani, begi miguuni, nywele mbichi.

"Amekwisha," alisema Stavig kabla hajaulizwa. "Basi ni kesho saa nne."

Wendell alitoa mpira, akauweka mezani. "Uliteleza. Sikuisugua. Tope liliniishia."

Stavig aliuchukua, akaupitisha dole gumba, akaurudisha mezani. Kisha akasema, "Ulijua wakati unamtoa?"

"Nilijua wakati namrushia."

"Mungu wangu, Wendell."

"Nitaandika. Lazima niandike ripoti ya kila mtu ninayemfukuza. Nitaandika hakukusudia, na kosa ni langu. Wataisoma."

"Usiandike," alisema Lonnie.

Wote wawili wakamtazama. Kijana alikuwa anaufunga na kuufungua mkanda wa begi. "Naomba, Mzee. Andika nilikusudia."

"Mwanangu, hukukusudia."

"Najua. Lakini fikiria. Ukiandika uliteleza, nani atasoma habari za tope? Watasoma kwamba Babcock mpira umemponyoka tena, ukampata mtu kichwani. Hiyo ndiyo habari yangu tangu nianze. Hakuna klabu inayotaka mtu wa hivyo." Alilamba midomo. "Ila mrushaji mkorofi, anayelipa kisasi cha mwenzake hata akiwa ameonywa, huyo kuna wanaomtaka."

"Anasema kweli," alisema Stavig kwa uchovu. "Nina rafiki kule kusini, meneja. Anawapenda wabaya. Nitampigia."

"Kwa hiyo niache tu kama ulivyosema pale uwanjani," Lonnie alisema. "Si umeshasema? Kuongeza mstari mmoja kwenye karatasi ni nini?"

Wendell aliufunika mpira kwa kiganja. "Nitaangalia," alisema, na wote watatu wakajua kwamba hilo si jibu.

Jumatatu asubuhi alikaa kwenye meza ya jikoni, nyumbani. Arlene alikuwa anamenya maharage. Fomu ilikuwa na mahali pa kuandika kusudi, ndiyo au hapana, na mistari sita ya maelezo. Alikaa mbele yake mpaka kahawa ikapoa, akaimwaga, akamiminiwa nyingine.

"Unaandika kitabu?" aliuliza Arlene.

"Sijawahi kuandika kwenye hii karatasi kitu ambacho sikukiona."

"Basi andika ulichokiona."

"Kijana ananiomba nisiandike."

Arlene aliacha kumenya. "Kwa faida yake au yako?"

"Yake."

"Na ukiandika, ni kwa faida ya nani?"

Wendell alijiambia kwamba kijana ana hofu tu, kwamba ukweli ukisemwa kamili, na mpira wenyewe ukitumwa pamoja na fomu, lazima mtu fulani ataona haya na kunyanyua simu. Jana alisema uongo kwa kidole mbele ya uwanja mzima, na kifua kilikuwa kinamuuma tangu hapo kama mtu aliyemeza kokwa. Akaandika. Hapana. Hakukusudia. Glavu ya mdakaji ilikuwa nje. Mpira haukuwa umesuguliwa ipasavyo, kosa ni la aliyetia sahihi hapa chini. Akakitia kila kitu kwenye kisanduku, akakifunga kwa kamba, akakipeleka posta kwa miguu. Njiani kurudi alipumua vizuri kwa mara ya kwanza.

Wiki tatu zilipita. Yeye na Ruben walirudi Pruett Jumamosi ya mwisho ya msimu. Stavig aliwakuta kwenye maegesho, wakiteremsha mabegi. Hakusalimia.

"Yule rafiki yangu wa kusini alikuwa amekubali," alisema. "Nilimwambia kijana ana roho ya chuma. Akasema mlete. Akapiga simu ofisi ya ligi, kuhakikisha tu. Wakamsomea karatasi yako."

"Wakasemaje juu ya mpira? Niliutuma mpira."

"Wakamsomea mstari wa kwanza, Wendell. Hakukusudia, uliponyoka. Rafiki yangu akasema wanaoponyokwa anao wa kutosha." Stavig alitikisa kichwa. Hakuonekana hata na hasira. "Kijana yuko dukani kwa baba yake. Nilimpigia. Aliniuliza kama wewe umeandika, nikamwambia ndiyo. Akasema, 'Nilidhani angeandika.'"

Akaondoka.

Chumbani, chini ya ngazi, palikuwa na kifurushi kutoka ofisi ya ligi kimewekwa juu ya ndoo. Ruben alikata kamba kwa ufunguo wa gari. Ndani mlikuwa na makopo mawili ya tope, yamejaa pomoni, na kikaratasi kilichopigwa chapa: waamuzi wanakumbushwa kusugua mipira yote ipasavyo kabla ya mchezo. Hapakuwa na jina la Lonnie Babcock. Wendell alikigeuza kuangalia nyuma. Hapakuwa na kitu.

"Makopo mawili," alisema Ruben.

Wendell alifungua kopo la kwanza. Tope lilikuwa jeusi, laini, bichi, na lilinuka mto. Walikuwa na saa mbili nzima kabla ya mchezo. Akatema mate kiganjani, akachukua mpira wa kwanza, akaanza na mishono. Aliisugua dazani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne aliisugua polepole kuliko zote, kila mpira akiugeuza kwenye mwanga wa balbu, na Ruben alipotaka kumsaidia alimwambia hapana, kaa tu.

Siku hiyo hakuna mrushaji aliyerudisha mpira hata mmoja. Walitumia dazani mbili na nusu.